Barua ya wazi: nilienda Dawati la Jinsia kabla sijampiga mtu, nikaambiwa nirudi nyumbani

Kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, kwa Waziri wa Afya, na kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi.

Waheshimiwa, shikamooni. Mtanisamehe barua haijafuata utaratibu wa kumbukumbu namba na nini, mi ni fundi wa kuchomelea huku Mbagala, mageti, grili, vitanda vya chuma, barua yangu ya mwisho niliandika kwenye mtihani wa darasa la saba. Naandika kwa simu, saa sita usiku hii, watu wamelala.

Kipindi kile cha mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 kazi ilikufa. Fundi wa kuchomelea bila umeme ni mtu tu aliyevaa ovaroli. Umeme unarudi saa nane usiku, mteja geti lake analitaka mchana, na mimi nilikuwa nimeshachukua mkopo wa kausha damu nikanunua mashine mpya, wale jamaa rejesho wanalifuata kila siku, habari za mgao haziwahusu. Nikawa narudi nyumbani siongei. Mama Shamsa anauliza vipi leo, nasema fresh. Anauliza tena, nasema si nimeshakwambia fresh. Jioni moja akaomba hela ya unga, elfu tatu tu, hela ya kawaida kabisa, na mi sikuwa nayo, na badala ya kusema sina nikainua mkono. Mkono haukumfika. Sijui niliugeuza vipi, ukaishia kwenye tivii, tivii ikaenda chini. Shamsa alikuwa na miaka tisa, nikamwona yuko chini ya meza kaziba masikio, na kilichonitisha ni jinsi alivyoingia pale haraka, kama mtu anayeijua njia.

Asubuhi nikaoga, nikavaa shati la kutokea, nikaenda kituo cha polisi kwenye lile Dawati la Jinsia na Watoto, maana redioni tunaambiwa kila siku usikae kimya, nenda dawatini. Nikamkuta dada afande mmoja, ana daftari kubwa.

"Unamlalamikia nani?"

Nikasema nimekuja kwa ajili yangu mwenyewe.

"Mkeo amekupiga?"

Hapana.

"Wewe umempiga?"

Nikasema bado.

Akaweka peni chini. Akamwita mwenzie, njoo umsikie huyu mzee, anasema bado. Wakacheka, na wala sio kwa ubaya, hata mimi nilicheka kidogo, ungefanyaje. Nikajaribu kueleza kwamba naogopa nitampiga mtu, na sitaki. Akaniambia kwa upole kabisa, baba nenda nyumbani, jitulize, ukishampiga atakuja mwenyewe.

Ukishampiga atakuja mwenyewe. Nilitoka pale nikaenda stendi nikakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Na simsemi vibaya yule dada, kituo chenyewe sikitaji, maana daftari lake lina sehemu ya mlalamikaji na sehemu ya mtuhumiwa, mtu wa bado hana sehemu, angeniandika wapi?

Sasa nyie habari hizi mnazijua kuliko mimi. Mwanaume kaua mke halafu kajimaliza, Kamanda wa mkoa anaongea na waandishi, chanzo kinadaiwa kuwa ni wivu wa mapenzi, mwandishi anaenda kwa majirani, majirani wanasema tumeshangaa sana, alikuwa mtu mpole, hana makuu, salamu yake haikosi. Kila mara mpole. Sijawahi kusoma jirani akisema alikuwa mkorofi tulitegemea. Waheshimiwa, hilo neno mpole ndilo ninalotaka muliogope. Na mimi ni mpole, muulizeni mtu yeyote hapa Mbagala, mteja akinizungusha hela miezi miwili namwambia haina shida boss. Upole wangu nusu yake ni tabia na nusu yake ni ukimya, kwa nje huwezi kujua ipi ni ipi, hata mwenyewe nilikuwa sijui. Na huo wivu wa mapenzi wa taarifa za polisi ni sawa na kusema nyumba imeungua kwa sababu ya moshi.

Bibi yangu alikuwa na methali, kivuli cha mvumo humfunika aliye mbali. Mvumo mnaujua, mti mrefu, kivuli chake kinaenda kuwapoza watu wa kule, aliyekaa shinani anaungua jua. Ndo sisi. Msibani tunajitolea, harusini tunachanga, wateja wanatusifia, nyumbani mtoto anajua njia ya chini ya meza.

Kuna mteja wangu mwalimu wa chuo, nilimchomelea geti Toangoma, nikamweleza habari ya kivuli cha mvumo, akaniambia kulikuwa na daktari wa Uswisi, Carl Jung, aliyesema kila mtu ana kivuli chake, ile sehemu ya nafsi uliyoikataa ukaisukuma nyuma isionekane, na unavyozidi kuikataa ndo inavyozidi kunenepa, siku ikitoka haikuombi ruhusa. Na huyo Jung kumbe alifika huku kwetu, aliteremka Mombasa 1925, akajifunza Kiswahili cha kuombea maji, akapanda mpaka mlima Elgon, akawa anawauliza wenyeji ndoto zao. Watu wakamkwepa. Mganga mmoja mzee akamwambia machozi yakimlenga kwamba tangu wazungu waje hawaoti tena, maana sasa DC anajua kila kitu. Mi saikolojia siijui, ila hiyo ya DC niliielewa palepale. Zamani mwanaume akiota vibaya kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza ndoto. Akaondolewa, ikaja ofisi, na ofisi hainiulizi ndoto, inaniuliza umempiga au hujampiga.

Sisi mafundi tuna ugonjwa wetu. Ukichomelea bila kioo mchana husikii kitu, unataniana na watu, unakula chipsi zako, saa saba usiku ndo macho yanaanza kuwaka kama umemwagiwa mchanga na pilipili, unatoka machozi mpaka alfajiri. Kijana mpya akija gereji hilo ndo la kwanza tunamfundisha, kwamba moto huu hauumi saa ya moto. Tunamfundisha la macho tu.

Mi ni Mzaramo wa Kisarawe, niliingia jando 1991, nina miaka kumi. Kumbi lilikuwa porini nyuma ya mikorosho. Ngariba akimshika mtoto, nje ngoma inapigwa kwa nguvu na watu wanaimba, na sisi tuliambiwa ile ni ngoma ya furaha. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba kazi ya ile ngoma ilikuwa kufunika kilio, mama zetu wasisikie. Mwenzetu mmoja alilia ngoma ikiwa imepumzika, jina la kilio chake lilimfuata mpaka anaoa.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema jando lilikuwa ni hilo tu. Baada ya kisu tulikaa kule wiki kadhaa, usiku moto unawashwa, tunapewa mizungu, nyimbo za mafumbo, nyingine za adabu nyingine chafu kweli. Na usiku mmoja mzee mmoja, mtu wa heshima zake, kanzu na kofia, alitusimulia kwamba ujanani aliwahi kunoa panga kwenda kumuua kaka yake kwa ajili ya shamba. Akasema panga lilipokuwa kali akaogopa alivyolipenda. Akaenda kwa mjomba wake akalitua mlangoni, akasema mjomba nishike. Mjomba akakaa naye siku saba, wanalima pamoja, wanalala chumba kimoja, mpaka likashuka. Mzee mzima anawaambia watoto wa miaka kumi kwamba na yeye alikuwa na bado yake! Tangu siku ile sijasikia mwanaume mwingine akisema kitu kama hicho mbele za watu, na ni miaka mingi sana sasa.

Siku hizi mtoto wa kiume anatahiriwa hospitali, ganzi, nusu saa, panadol, anarudi na bajaji. Siipingi hata kidogo. Tafiti za Kenya, Uganda na Afrika Kusini zilionyesha tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke kwa kama asilimia 60, ndo maana mkaipeleka kwa kampeni mpaka Iringa, Njombe na Shinyanga ambako wengi haikuwa mila yao, na mamilioni wamepita. Kazi nzuri. Ila angalieni kilichobaki na kilichoondoka: kisu kimebaki, kikawa safi zaidi, ule usiku wa kuota moto ndo umeondoka. Wenzetu wanawake wanalalamika mengi na haki yao, lakini kungwi wao bado yupo, somo yupo, singo ipo, vikoba vipo, mwanamke akitaka kusema ana mahali pa kukaa. Sisi tuna kijiwe. Kijiweni tunaongea Simba na Yanga masaa matatu bila kunywa maji. Mwenzetu mmoja aliachana na mkewe tukajua baada ya miezi mitano, na tunacheza naye bao kila siku.

Nguzo za umeme ndo zinanichekesha. Tembea kutoka Rangi Tatu mpaka Mtoni uzisome, kila ya tatu ina karatasi ya nguvu za kiume na namba ya simu. Yaani katika mtaa mzima hilo ndo tatizo pekee la mwanaume lililopata tangazo. Na hata hilo watu wanapiga simu usiku, wananunua vumbi la Kongo kwa kificho, hakuna anayemwambia kwamba inaweza ikawa presha, inaweza ikawa sukari, inaweza ikawa mawazo ya rejesho la kesho. Akienda mitandaoni ndo anakutana na wale wa kataa ndoa, wanamwambia mwanamke ni tapeli, usipende, usiamini, mwanaume ni pesa. Vijana wangu wa gereji wanawasikiliza siku nzima huku wanapiga grenda. Niliwahi kuwafokea, halafu nikajiuliza, nimefoka nikawapa nini badala yake? Wale jamaa angalau wanamwambia kijana, najua umeumia. Wanamdanganya aliyemuumiza ni nani, lakini wameanza na kweli. Sisi wazee hata hapo hatufiki, tunawaambia jikaze.

Na mwanaume akijaribu kulainika, mtaa nao haumwachi. Nimeonekana nafua nguo za watoto, jirani akamwambia Mama Shamsa hiyo limbwata uliyompa na mimi nielekeze kwa mganga. Utani, ndio.

Mama Shamsa nilimsomea mpaka hapa. Akasema, "Baba Shamsa, kwa hiyo mnatupiga nyie, halafu mnataka mlango wa kulilia mjengewe nyie?" Nilikosa jibu. Na hili naomba lisomwe vizuri maana kuna wanaume watanishangilia kwa sababu mbaya: sisemi dawati limetuonea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10, wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa tangu wafike miaka 15. Lile dawati lilihitajika juzi, na MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto mlioanza nao 2017/18, ulihitajika pia, msipunguze hata shilingi.

Ila utafiti huohuo uliuliza kitu kingine, kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanawake asilimia 58 walisema ipo angalau sababu moja inayofaa. Wanaume asilimia 40. Kwa hiyo wanaume 6 kati ya 10 walikataa, hakuna sababu. Mimi ningekuwa kwenye hao sita! Asubuhi ya siku ile ya tivii ungekuja na fomu yako ningekwambia haifai, na ningekuwa sidanganyi. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, nimeisikia redioni mara ngapi sijui. Elimu ninayo. Mabango nimeyasoma, mengine fremu zake nimezichomelea mwenyewe. Kilichoinua mkono hakijui kusoma.

Na niseme lile ambalo hata Mama Shamsa nimemwambia juzi tu. Ile sekunde tivii inaanguka, nilisikia raha. Sekunde moja, kabla sijamwona mtoto. Miezi mitatu umeme haunitii, mteja hanitii, mkopo haunitii, halafu kitu kimoja kikanitii kikaanguka. Hiyo raha ndo iliyonipeleka polisi, hasira ningeivumilia. Nilimwelewa yule mzee na panga lake. Semina yoyote mtakayoifanya, tisheti, maandamano, mgeni rasmi, kama haina mahali ambapo mwanaume anaweza kusema nilisikia raha asionekane shetani, mnapoteza posho.

Kingine kinachofunga midomo ni sheria yenu wenyewe. Rafiki yangu fundi rangi alijaribu kujitoa uhai. Akaokolewa, akalazwa, akafumbua macho akakuta askari pembeni ya kitanda, maana Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 inasema kujaribu kujiua ni kosa. Swali la kwanza aliloulizwa na serikali yake baada ya kurudi duniani lilikuwa la maelezo ya mtuhumiwa. Alitoka, kesi haikuendelea, na hajalizungumza tena na mtu, mimi mwenyewe nikilikaribia anabadilisha stori anaongelea bei ya rangi. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni kama mara mbili ya wanawake. Kenya Mahakama Kuu ilishasema Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hii kinapingana na katiba. Sisi tunangoja nini hapo? Sielewi anayekusudiwa kutishwa na kile kifungu, mtu ambaye kufa kwenyewe hakumtishi.

Ninachoomba ni kidogo. Siombi wizara ya wanaume, na hao wanaopigia kelele Siku ya Wanaume tarehe 19 Novemba waendelee, mi keki haitanisaidia. Mkuu wa Jeshi la Polisi, naomba lile daftari liongezwe sehemu. Mtu akija akasema bado, aandikwe, apewe maji, asikilizwe, na apelekwe kwa anayehusika siku hiyohiyo. Kwa sababu anayehusika yupo! Mimi nilikuja kujua baada ya karibu mwaka mzima kwamba halmashauri kuna afisa ustawi wa jamii, nikaenda, mama mtu mzima, akanisikiliza kama dakika arobaini, hakushangaa hata mara moja, akaniuliza, ulipokuwa unainua mkono ulikuwa unamwona nani mbele yako? Nimelifikiria swali hilo mpaka leo. Mara ya tatu nikaenda na Mama Shamsa. Ila mlango wa ofisi yake umebandikwa picha za mama na mtoto juu mpaka chini, mwanaume anapita hapo anadhani ni kliniki. Na jina la wizara, Mheshimiwa, kusema kweli tunalitania huku, jamii, jinsia, wanawake, makundi maalum, mwenzangu mmoja akasema labda tuombe tuwe kundi maalum. Jina libaki, badilisheni picha za mlangoni tu.

Waziri wa Afya, wale vijana wote mnaowalaza kwa ajili ya tohara, hapo mnao, hawawezi kukimbia. Tafuteni watu wazima wa kiume, mafundi, madereva, masheikh, wachungaji, waliowahi kulitua panga kwa mjomba wao, waje wakae na hao watoto hata jioni mbili. Daktari anaweza kufundisha usafi wa kidonda. Hilo lingine linataka mtu aliyelipitia.

Na kifungu cha 217 mnajua nyie namna ya kukiondoa.

Mwanangu wa pili ana miaka saba, anatahiriwa Desemba hii, likizo. Nilienda wiki iliyopita kuulizia bei na kama naweza kukaa naye ndani. Nesi akasema baba hamna shida, wewe kaa tu, sisi tunawawekeaga muziki wa sauti kubwa, wanasahau. Nikamwomba siku ya mwanangu wasiweke. Akaniangalia, akasema lakini watasikika nje, huyu wako kama atalia watu wote foleni watamsikia.

Nikamwambia mama yake atakuwa hapo nje.

Fundi, Mbagala